Usiizime Bado

Nkoaranga,
Jumanne, 26 Machi 2024, asubuhi

Kaka Gadiel,

Shikamoo, kama bado unaitikia.

Usishtuke kupata barua ya mkono wakati watu wote wanatumiana meseji. Ile namba uliyo nayo niliitupa baada ya siku tuliyofokeana, na mpya sikupi bado, kwa sababu mimi na wewe tukishika simu hasira inatangulia kupokea. Barua hii nampa Thomasi, yule anayeshusha ndizi soko la Kilombero hapo Arusha kila asubuhi kwa pikapu yake ya bluu. Ameniahidi atapita hapo Kaloleni kwenye kibanda chako cha kutengeneza simu. Ukitaka kunijibu mpe yeye huyo huyo akirudi mchana.

Ni hivi. Ile laptop uliyompa baba kabla hamjakosana imeganda. Ilikuwa mezani sebuleni, imefunikwa kile kitambaa alichodarizi marehemu mama, kama tulivyokuwa tunafunika redio. Jana nilipofunua nimekuta picha ipo, saa ya pale juu imesimama, na kile kimshale hakiendi popote hata nisugue namna gani. Ndani inavuma na chini ina joto. Nimebonyeza kila kitu isipokuwa kitufe cha kuzimia, maana nakumbuka ulivyokuwa unatugombeza.

Ndani mna maksi za darasa langu na mwalimu mkuu anazitaka kabla ya Pasaka. Ndiyo sababu nakuomba, sina sababu nyingine.

Nyumbani salama. Baba hajambo.

Ni mimi,
Aika


Kaloleni,
Jumanne, 26 Machi, mchana

Mdogo wangu Aika,

Marahaba, nimeitikia. Kauthar amenisikia akacheka, anasema miaka miwili ya ndoa leo ndiyo anajua kwamba mume wake ana mtu wa kumwamkia. Thomasi alisimamisha pikapu mbele ya kibanda akawa anapiga honi, mtaa mzima ukadhani nimenunua mkungu.

Kwanza kabisa, usiizime. Mashine hiyo niliiwekea Linux kwa sababu baba alikuwa anachomeka flashi za kila kwaya ya Meru, na kila kwaya ina virusi vyake. Sasa Linux ina tabia moja: uso unaweza kuganda kabisa huku ndani kazi zinaendelea. Hicho unachokiona kwenye kioo ni sebule tu. Sebule imejifunga, basi sisi tunapitia jikoni.

Shikilia Ctrl na Alt kwa pamoja, halafu bonyeza F3. Kioo kitakuwa cheusi chenye maandishi meupe. Hujaharibu kitu, usianze kumwita Yesu. Kitakuuliza jina, andika mzee. Kitakuuliza neno la siri, andika jina la yule ng'ombe wetu aliyempiga mchungaji teke, kwa herufi ndogo. Ukiandika hutaona herufi hata moja, lakini inapokea. Maliza, bonyeza Enter. Kisha andika hivi:

df -h

Amri hiyo inaonyesha diski imejaa kiasi gani. Ninakilie mstari wenye alama ya / peke yake mwishoni, umpe Thomasi kesho.

Kama unashangaa kwa nini haikulala yenyewe siku zote hizo, mimi ndiye niliyeizuia isilale. Ilikuwa ikilala baba anadhani imekufa, ananipigia simu nimfufulie. Enzi hizo alikuwa ananipigia.

Msalimie. Akizikataa salamu zangu basi zibaki kwako. Alisema nisikanyage ndani ya ua wake wa masale, wala asiisikie sauti yangu humo, mpaka aniite mwenyewe kwa mdomo wake. Unajua alivyo, neno alilolisema kwa mdomo hakubali litenguliwe kwa karatasi wala kwa kutuma mtu. Sawa. Nimetii. Mdomo anao na simu anayo, hajaniita. Makosa yangu ni kumwoa binti wa Kiislamu bomani badala ya kumsubiri yeye apange kwaya itakayoimba. Siwezi kuliomba radhi hilo, na Kauthar hastahili niliombe.

Kaka yako,
Gadiel


Nkoaranga,
Jumatano, 27 Machi, asubuhi

Kaka Gadi,

Nimepitia jikoni. Kilipogeuka cheusi nilimwita Yesu hata hivyo. Jina la ng'ombe limekubali, na nimekaa nikacheka peke yangu mbele ya mashine, maana nilikuwa nimemsahau yule mnyama na ubaya wake wote.

Mstari wenyewe huu hapa, na kwenye safu ya asilimia inasema 100%. Iliyobaki inasema 0. Hata mimi nisiyejua kitu nimeelewa kwamba hapo hakuna nafasi ya kuweka hata punje. Lakini siku ulipoileta ulituambia ina nafasi ya kutosha kuweka kwaya zote mpaka Yesu arudi. Imejaa nini?

Halafu jana jioni umeme ulikatika kidogo kwa hii mvua. Ikaendelea kwa betri yake, taa ikawa nyekundu, nikawa nimeishika kwa mikono miwili utadhani nikiiachia itakufa. Umeme ulirudi kabla haijazima. Betri hiyo ni mbovu, unaijua. Nakuomba usichelewe kunijibu.

Salamu zimebaki kwangu. Baba siku hizi hasemi sana. Na kuhusu huo mdomo wake, kaka, usiniandikie tena maneno ya namna hiyo.

Ni mimi,
Aika


Kaloleni,
Jumatano, 27 Machi, mchana

Aika,

Basi tumempata mgonjwa. Diski ikijaa pomoni, uso wa mashine unakosa hata mahali pa kuandikia vijambo vyake vidogo, unaganda. Tunahitaji kumtafuta aliyekula nafasi. Rudi kwenye kile kioo cheusi uandike hivi, kama nilivyoandika, usipunguze kitu:

du -ah | sort -rh | head

Itakupangia vitu vya baba kwa ukubwa, jitu likiwa juu. Mistari ya kwanza ni makabati, iache. Wewe tafuta faili lenyewe. Maksi zako ni kitu kidogo sana, hata hakitaonekana kwenye orodha hiyo. Jitu litakalokuwa juu ndilo adui. Itakuwa ni mkanda wa mahubiri wa masaa kumi na mbili ambao baba aliupakua na hatautazama kamwe. Andika rm, acha nafasi, andika jina lake lote, Enter. Haitakuuliza mara mbili.

Ukishafuta, bonyeza Ctrl, Alt na F2 urudi sebuleni. Itakuwa imeamka. Ikigoma, basi hapo nakuruhusu: shikilia kitufe cha kuzimia mpaka ife, uiwashe upya, maksi zako utazikuta.

Na hilo la mdomo, samahani kama limekukera, lakini mimi ndiye niliyeumia. Krismasi nilimpigia. Ulijua? Alipokea. Nikasema, Shikamoo baba, Krismasi njema. Kimya. Nikarudia. Nikamsikia anahema tu, hakutamka hata herufi, halafu akakata. Kauthar alikuwa ameshika sahani ya pilau ananitazama, na mimi nikajifanya mtandao ni mbaya. Mtu anayeweza kupokea simu ya mwanawe na kumnyamazia hivyo siku ya Krismasi, mimi sina la kumfanya.

Tengeneza mashine yako basi, umpe mwalimu mkuu maksi zake.

Gadiel


Nkoaranga,
Alhamisi, 28 Machi, alfajiri

Kaka,

Nimefanya ulivyosema na haikusaidia. Na sasa inabidi nikwambie ukweli, kwa sababu nimeogopa.

Hakuna maksi. Maksi za darasa langu ziko kwenye karatasi, mwalimu mkuu alishazipata. Natafuta sauti ya baba.

Krismasi hakukunyamazia. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Aliona jina lako kwenye simu akaipokea haraka mpaka akamwaga chai, akafungua mdomo, ikatoka hewa. Sauti ilikuwa imeshaanza kuondoka tangu Novemba, siku nyingine inakuja, siku nyingine haiji, na siku hiyo haikuja. Alikata kwa sababu ya aibu, akaenda kukaa kule kwenye migomba. Kumbe ni uvimbe kooni. Wiki iliyopita wamempasua Moshi, wametoa kisanduku chote cha sauti. Anapumulia tundu shingoni. Hatasema tena, Gadi. Hakuniruhusu nikwambie. Aliandika kwa mkono wake: Asije kwa huruma. Aje kwa kuitwa.

Siku moja kabla ya kwenda hospitali sauti ilimjia kidogo, akanifukuza sebuleni, akajifungia na laptop. Sikuuliza. Jumatatu wodini ndipo aliponiandikia: Kompyuta. Ya Gadi imo. Asikie. Nikaja nyumbani mbio nikakuta imeganda.

Jana nilipoandika amri yako yalitokea mafaili mawili yenye tarehe ya siku hiyo kwenye majina yao. La juu ni jitu, limekula karibu nafasi yote. La mwisho kabisa kwenye orodha lilikuwa dogo. Nikawaza, baba kwa koo lile asingeweza kusema zaidi ya dakika chache, basi lake ni hilo dogo, na jitu ndilo adui kama ulivyosema. Nikalifuta jitu. Haikuniuliza mara mbili.

Lakini sebuleni bado pameganda vile vile, na nilipoandika tena df -h inasema 100% kama mwanzo. Nimefuta kitu kikubwa hivyo na hakuna nafasi hata kidogo iliyopatikana. Sielewi.

Leo wanamruhusu, naenda Moshi kumchukua. Kesho Ijumaa Kuu, kabla sijakwenda ibadani, nitashikilia hicho kitufe mpaka izime kama ulivyoniruhusu, niiwashe upya, halafu nitakuletea hilo dogo ulisikie. Nimekudanganya na sijutii sana, ila nilitaka ujue kabla ya Pasaka.

Ni mimi,
Aika


Nje ya masale,
Ijumaa Kuu, asubuhi

Aika USIIZIME.

Nimempa karatasi hii mama Naisula, jirani yetu, nimemkuta njiani akienda kanisani, akuwekee mkononi. Barua yako jana Thomasi alimwachia Kauthar, mimi nilikuwa nje kwa mteja. Nimekuja kuisoma pikapu imeshaondoka, na leo hapakii ndizi. Nimekuja na bodaboda mwenyewe. Nipo huku nyuma, upande wa mparachichi, nje ya masale.

Sikiliza. Ukifuta faili huku kuna programu bado imelishika, jina lake ndilo linaloondoka. Lenyewe linabaki mpaka aliyelishika aliachie. Ndiyo maana hukupata nafasi. Lile jitu lipo, na aliyelishika ni programu ya kurekodi.

Umeelewa? Baba hakuzima. Alirekodi kwaya kwa kaseti maisha yake yote, kanda ikiisha kile kitufe chekundu kinaruka chenyewe. Amedhani na hii itaruka. Akaifunika kitambaa akaenda hospitali, yenyewe ikaendelea kurekodi sebule tupu mpaka diski ikajaa. Hilo dogo litakuwa la kujaribia, moja mbili, moja mbili, kama anavyofanya kanisani. Sauti yake imo kwenye jitu nililokwambia ulifute.

Ukizima, programu inaachia, na hapo mimi sina ufundi wa kulirudisha.

Nijibu upesi.
G.


Gadi,

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nilikuwa nimeshavaa gauni la kanisani. Mama Naisula kaingia bila hodi, nusura nimtukane.

Baba amelala. Ingia ufanye mwenyewe, mimi naogopa kuharibu. Hatakuona.

A.


Aika,

Siingii. Nimemtii miaka yote hii, siwezi kumvunjia leo ambapo hawezi hata kunifukuza. Nikipaza sauti atanisikia, na hilo pia alilikataza. Tutaandikiana. Wewe ni mwalimu, unakopi ubaoni kila siku, utaweza.

Chukua diski hii ya nje, ichomeke ubavuni. Andika mistari miwili niliyoandika nyuma ya karatasi, itafungua mlango wa diski. Kisha huu, unitolee mstari wowote wenye neno deleted:

ls -l /proc/*/fd/* | grep deleted

Nipitishie karatasi hapa hapa, kwenye pengo la masale.
G.


Umetoka mmoja wenye ile tarehe. Kwenye mstari wenyewe kuna namba 2817, na mbele yake kuna 19.

A.


Ndiyo wenyewe. Mungu ni mwema. Sasa andika hivi, taratibu, soma mara mbili kabla ya Enter:

cp /proc/2817/fd/19 /mnt/baba

Itakaa kimya. Kukaa kimya ndiyo kufanya kazi. Usiguse chochote mpaka irudishe mstari wa kuandikia.
G.


Gadi, umeme umekatika.


Endelea. Punguza mwanga wa kioo kwa batani yenye picha ya jua. Usichomoe kitu. Inakopi kuanzia mwanzo wa rekodi, na baba yuko mwanzoni, sehemu kubwa iliyobaki ni sebule tupu na kuku. Kila dakika inayopita ni dakika yake.


Taa nyekundu. Bado haijarudisha mstari.


Kaa nayo.


Baba ameamka. Ametoka, yuko kwenye ngazi ya mlango anatazama huko kwenye masale. Nimwambie nini?


Usimwambie chochote. Tusimpe tumaini la kitu ambacho hatujakipata. Kaa na mashine.


Imezima.


Nipe diski.


Kaloleni,
Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili

Mdogo wangu Aika,

Samahani niliondoka bila kukuaga. Uliponipitishia diski nilisimama, na baba alikuwa bado yuko pale kwenye ngazi, kafunga skafu shingoni. Akaniona. Akafungua mdomo wake, akaufunga, akaufungua, na mkono kaunyoosha. Nikajua ananifukuza. Nikashuka ile njia kwa miguu mpaka barabarani, sikumbuki hata nilivyoteremka.

Nakala haikukamilika lakini inafunguka. Imebeba ile jioni yote na asubuhi yake, halafu inakatika.

Ijumaa sikuthubutu. Jumamosi Kauthar alifunga kibanda kwa ndani, akaketi pembeni yangu, tukaisikiliza. Aika, nilikuwa nimesahau kwamba baba ana ile namna ya kuvuta pumzi kabla ya kuanza. Sauti imekwaruzika, lakini ni yeye. Akaanza rasmi, utafikiri anasoma matangazo ya usharika. Gadiel, mimi baba yako Nathanael, nakwenda kupasuliwa. Akasema walichomweleza madaktari. Akasema alikosewa, na hilo hataliondoa. Akasema shamba la juu ni lako na la chini la Aika, tusije tukagombana. Akasema nimtunze mke wangu, hakumtaja jina. Halafu akasema, Basi, nimemaliza. Nikasikia kitambaa kikiwekwa juu.

Hakuniita. Nilirudia mara tatu nikidhani limenipita. Kauthar alinishika mkono, na mimi nililia mbele yake kwa mara ya kwanza tangu anijue. Baba alikuwa na sauti ya dakika chache iliyobaki duniani, akaitumia kugawa shamba.

Nilitaka kuifuta. Nakwambia wazi. Kauthar ndiye aliyesema iache iendelee kuimba huko huko, wewe fanya kazi zako. Basi jana, Pasaka, nilikuwa nabadilisha kioo cha simu ya mteja na sebule yetu inalia kwenye spika. Kuku. Mlango. Wewe unauliza sweta lake la safari liko wapi. Mvua kwenye bati. Mtu anakohoa. Ikapita hivyo muda mrefu, nikawa nimeacha kusikiliza, nimezoea, kama niko nyumbani.

Halafu asubuhi ile ya kuondoka. Wewe ulikuwa umeenda barabarani kuangalia gari, nadhani. Kiti kikavutwa. Akasafisha koo. Akasema, Gadi. Akasema, Gadi, ingia. Akasema, hapana. Akaanza upya. Unakumbuka anavyofundisha sauti ya pili, anairudia mwenyewe mpaka ikae sawa ndipo anawapa? Ndivyo alivyokuwa anafanya. Gadi, ingia ndani. Hapana. Karibuni. Karibuni ndani, wewe na Kauthar. Akalirudia jina lake, Kauthar, Kauthar, polepole, kama mtu anayejifunza wimbo wa watu wengine. Sauti ilikuwa inamkatikia, anaisubiri, inarudi. Mwisho akasema, Ingia, baba. Ingia na mwenzio. Hii ni nyumba yako.

Halafu ukasikika wewe unasema gari limefika, na yeye akasema, Nakuja.

Kwa hiyo alikuwa anafanya mazoezi. Nadhani alitaka kuja kunitamkia mwenyewe kama madaktari wangemwachia sauti kidogo, au alitaka kurekodi upya, gari likamkuta. Hakujua kwamba nasikia. Ndiyo shida yangu. Alisema nitaingia siku atakaponiita, na hakuniita mimi, aliliita kochi. Nikija kwa neno ambalo hakunipa, nitakuwa nimemwibia. Sijui kama linahesabika.

Naomba umsomee barua hii yote, hata pale niliposema nilitaka kuifuta. Kisha umwulize kama linahesabika. Nitakubali atakachosema.

Kaka yako,
Gadiel


Nkoaranga,
Jumanne, 2 Aprili

Gadiel,

Huu ni mwandiko wangu, Aika hakuniandikia.

Amenisomea. Nimeona aibu sana. Nilidhani kanda imeisha.

Nilikuandalia maneno mazuri ya mzee, nikayaandika kwanza nikayasoma, na ndiyo hayo yaliyokuliza. Yale mengine sikuweza kuyasema mbele ya kile kitaa chekundu cha kurekodia. Miaka yote nimewaambia wanakwaya kwamba mazoezi hayahesabiki, cha kuhesabika ni kile unachoimba mbele ya watu. Sasa nasema yanahesabika. Nimeyasema kwa mdomo wangu na wewe umeyasikia kwa sikio lako. Sina mdomo mwingine.

Njoo na Kauthar siku ya Jumamosi. Aika amesema atauliza kwa watu wanaojua namna ya kuchinja kuku ili mkeo aweze kula. Namba yake mpya ni hii hapa nyuma, amesema sasa anakupa.

Mkifika kwenye masale msisimame. Ijumaa hukuelewa. Nilikuwa sikufukuzi, mwanangu. Nilikuwa nakuita.

Baba yako,
Nathanael